Raha ya Uzeeni Hujengwa Mtu Angali Kazini



Katika kurasa hizi tumezoea kusema juu ya mishahara, saa za ziada, viatu vya mpira na mabati ya kambi yanayovuja. Hayo hatutaacha kuyasema. Lakini leo nataka kusema juu ya chai ya saa nne, muhogo wa kuchoma, na mzee anayekaa chini ya mwembe bila ya kuitwa na nyapara. Huenda wengine watasema ndugu yetu wa Chama amekosa la kusema. Nawaomba wanivumilie, maana jambo hili nalo ni la mfanyakazi, na nadhani tumelisahau kwa sababu halina kelele.

Mimi ni mtu wa miwa. Wazazi wangu walitoka West Nile, upande wa Nebbi, wakaja huku kusini mwa Uganda kwenye mashamba ya miwa mwaka 1987, nami nikiwa na miaka 9. Nilisoma shule ya kambini mpaka darasa la saba, nikakata miwa, nikaingia kiwandani, na sasa nazunguka kambi baada ya kambi kwa kazi ya Chama. Kambi zetu zimejaa watu wa namna hii. Mualur, Mlugbara, Msoga na Mkiga wakikutana kwenye lango la kiwanda husemezana kwa Kiswahili, na kila mmoja akiulizwa kwao ni wapi, hunyosha mkono kuelekea mbali.

Mwaka huu nilikwenda kwetu kwa ajili ya msiba. Safari ni ndefu: unavuka Nile kwenye daraja la Karuma, unapita kando ya mbuga ambako tembo huonekana barabarani, unavuka Nile tena kwenye daraja la Pakwach, kisha unapanda kwenda Nebbi. Baada ya mazishi nilikumbuka kwamba mzee mmoja aliyetufundisha kazi ya boila anakaa karibu na hapo. Alifanya kazi kiwandani miaka 31. Nikapanda boda boda kwenda kumsalimu, kwa nia ya kukaa saa moja. Nilikaa siku tatu.

Nilimkuta amelala juu ya mkeka, mchana kweupe, siku ya Jumanne. Ndugu zangu, nilishtuka. Katika miaka yote niliyomjua sikupata kumwona mtu yule amelala. Nilifikiri ni mgonjwa. Kumbe alikuwa amepumzika tu, na aliponiona alicheka akaniambia, "Karibu, mwanangu. Hapa hakuna kadi ya kugonga."

Yafaa niwaeleze siku yake inavyokwenda, maana wengi wetu hatujui siku ya mstaafu ikoje. Tunajua tu siku yake ya mwisho kazini, ile ya picha na blanketi.

Mpaka leo anaamka saa kumi na moja alfajiri. Mwili uliozoea zamu hausahau. Anaamka, anasikia jogoo, anakumbuka kwamba saa hiyo wenzake wanateremka kwenda kusukuma makapi ya miwa ndani ya moto, halafu anageukia ukutani na kulala tena. Aliniambia kuwa hiyo peke yake ni mshahara, na kwamba katika mwaka wa kwanza alikuwa akijiamsha makusudi ili ajue kuwa halazimiki kuamka.

Jua likitoka anakwenda shambani kwake kwenye muhogo na ufuta. Analima mpaka saa nne, hazidishi. Saa nne anakunywa chai. Jambo hili alilisema mara nyingi, na mwanzoni sikuelewa kwa nini. Kisha nikakumbuka. Kule kwenye boila chai tulikunywa tumesimama, kikombe mkono mmoja na koleo mkono wa pili, jasho likidondokea ndani ya kikombe. Sasa anakaa kwenye kigoda, anaweka kikombe chini, anakitazama, anasubiri kipoe kidogo, anakula muhogo wa kuchoma uliopakwa ufuta wa kusaga, na wakipita watu njiani anawasalimu kwa majina yao na majina ya baba zao. Chai hiyo huchukua karibu saa nzima. Nilikunywa naye siku tatu, na siku ya tatu ndipo mguu wangu ulipoacha kutikisika.

Saa saba anakula chakula cha moto. Sisi tunaokula posho iliyolala ndani ya kopo, iliyopikwa saa tisa za usiku na mke aliye na usingizi, tujiulize ni siku ngapi kwa mwaka tunakula chakula cha mchana chenye moshi. Yeye anakula unga wa muhogo uliosongwa na mtama, na wale samaki wadogo wa Ziwa Albert wanaoletwa sokoni kutoka Panyimur. Si chakula cha tajiri. Lakini kina moshi, na yupo mtu wa kula naye.

Siku ya soko anakwenda sokoni hata kama hana cha kununua wala cha kuuza. Anatazama mbuzi wa watu, anauliza bei, anatikisa kichwa, anarudi. Kukiwa na msiba anakaa mpaka mwisho. Jambo hili lilinigusa, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeomba siku nne za msiba nikapewa mbili, nikajiongezea. Mzee aliniambia kwamba katika miaka 31 alizikiwa mama, kaka wawili na mtoto mmoja, naye akawahi mazishi mara moja tu. "Sasa nazika watu hata wasionihusu," alisema. Sijui kama hiyo ni raha, lakini yeye aliihesabu pamoja na raha zake.

Jioni kuna redio, na jirani yake ana kinubi kile chetu cha adungu. Redio anaiweka karibu kabisa na sikio, maana masikio yake aliyaacha kiwandani kwenye ngurumo za mitambo, na hakuna aliyemwandikia fidia. Magoti pia yanamsumbua. Siwaambii haya ili mfikiri kijijini ni peponi. Mvua ikichelewa, muhogo unadumaa. Zahanati iko mbali, na mara nyingi unarudi na karatasi badala ya dawa. Nyoka aliingia jikoni mwake nilipokuwa huko, na mzee yule aliyekuwa haogopi mvuke wa boila alikimbia kuliko mimi.

Na kuna jambo jingine ambalo wanaume hatulisemi. Mke wake alikaa kijijini muda mwingi wa miaka ile 31, akalima, akalea, akajenga jiko, akashinda kesi ya mpaka na jirani peke yake. Mume aliporudi alirudi kama mgeni. Hakujua jembe huwekwa wapi. Alianza kutoa amri kama msimamizi wa zamu: panda hapa, ng'oa pale. Mama yule alinisimulia mwenyewe, mume wake akiwa amekaa pale pale akitazama chini, kwamba katika mwezi wa tatu alimwambia, "Baba, hapa nyapara ni mimi." Ikabidi ajifunze kazi upya kwa umri wa miaka 58, kama kijana aliyeandikwa jana. Sasa wanakaa vizuri. Lakini yatupasa tujue kwamba mwenye nyumba kijijini ni yule aliyebaki, na fedha za kila mwezi hazitoshi kuwa badala ya mume. Wale wanaorudi na ubwana wao wa kiwandani hufukuzwa mapema, na wakati mwingine wanastahili.

Basi nilimwuliza, "Mzee, wenzako wengi wako wapi?" Maana walioacha kazi mwaka ule mmoja naye walikuwa wengi, na kwa kweli nawajua wengine. Alinyamaza.

Nitawataja wawili, bila majina.

Mmoja alilipwa fedha zake zote kutoka Mfuko wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) kwa mara moja, kama sheria yetu ya Uganda inavyofanya. Hapa kwetu hakuna pensheni ya kila mwezi kwa mfanyakazi wa kiwanda. Ukifika miaka 55 unapewa akiba yako na faida yake, unakwenda zako. Wenzetu wa Tanzania walibadili mfuko wao kwa sheria ya mwaka 1997, ukatoka kuwa wa akiba ukawa wa pensheni. Sisi bado. Basi ndugu yetu huyo, ambaye katika maisha yake hakuwahi kushika milioni moja, alishika nyingi siku moja. Alinunua gari la abiria lililokwisha kazi, akampa mpwa wake aliendeshe. Kabla ya mwaka kwisha gari lilikuwa juu ya mawe. Leo anapanga chumba kwenye senta iliyo karibu na lango la kiwanda, na msimu ukifika anakata miwa kwa kibarua, kwa mkandarasi, pamoja na vijana wa kuwazaa. Nilimkuta asubuhi moja amepanga foleni na panga lake. Tulisalimiana, tukazungumza juu ya mvua.

Wa pili ni baba yangu.

Baba alikata miwa na baadaye akawa mpima mafungu, miaka 22, mpaka mwaka 2009. Katika miaka hiyo alikwenda kwetu mara nne. Likizo aliiuza, kama wengi wenu mnavyoiuza, kwa sababu tulikuwa watoto sita na karo ilitakiwa. Sote tulikuwa naye kambini. Nyumbani hakuacha mtu wala kitu. Siku alipoandikiwa barua ya kuacha kazi alipewa siku sita kuondoka kwenye chumba cha kambi. Alipokwenda kudai akiba yake ikaonekana kwamba mwajiri alimkata kila mwezi, lakini kwa miaka kadhaa hakupeleka kitu. Hatukuwa tumewahi kuuliza. Baba alirudi kwao juu ya lori la mbao, na godoro, redio na sufuria mbili. Hakukuwa na nyumba. Alikaa kwa mdogo wake, akila kwa mdogo wake, akimwuliza mdogo wake kama anaweza kulima kipande kile au hiki. Watu wa rika lake walikuwa wamekufa au hawakumkumbuka. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta kila mara amekaa kwenye kivuli cha mti wa mtu mwingine, amevaa koti la kazi. Alikufa mwaka 2011. Daktari alisema ni kifua. Mimi nasema nijualo.

Sasa mtanielewa kwa nini nilikaa siku tatu nikimtazama mzee wa watu akinywa chai.

Nilitaka kujua tofauti iko wapi, maana mishahara yao haikupishana sana. Mzee wa boila alinionyesha mikalitusi. Imepangwa safu mbili kwenye mpaka wake, mirefu. Alinieleza kuwa hakuwahi kuuza likizo hata moja. Likizo ya kwanza alipanda miti hiyo. Ya pili akaongeza. Ya tatu akafyatua matofali na wanawe. Miti ya kwanza ilipofaa kwa nguzo aliiuza, akanunua mabati, na mashina yakachipua tena. Kila likizo aliacha kitu kinachobaki mahali pake, hata kama ni mche mmoja wa mwembe. Akiba ya NSSF alipoichukua hakuhitaji kujengea nyumba. Alichimba kisima, akanunua ng'ombe wawili, nyingine akaiacha benki kwa ajili ya dawa. Hakuna ujanja mwingine. Ni likizo tu, iliyotumiwa kama likizo.

Basi nasema hivi, na najua baadhi ya viongozi wenzangu hawatapenda. Sisi Chama tunapigania mshahara wa mwezi huu kwa nguvu zote, na tunamwacha mzee atoke langoni na blanketi lake kana kwamba siku hiyo amekoma kuwa mwenzetu. Tunaposaini mkataba na mwajiri, nafasi ya mstaafu huwa ukurasa wa nyuma, tunaipitia saa kumi na mbili jioni watu wote wakiwa wamechoka. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo.

Tena yako mambo ambayo sheria imekwisha kutupa, nasi hatuyatumii. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi likizo ya malipo, siku 7 kwa kila miezi minne ya kazi, yaani siku 21 kwa mwaka. Hiyo si zawadi ya meneja. Sheria hiyo hiyo inasema mfanyakazi aliyetumikia miaka 10 au zaidi arudishwe kwao kwa gharama ya mwajiri, popote pale alipoandikiwa kazi. Baba yangu alikuwa ametumikia miaka 22, na alipanda juu ya mbao kwa fedha ya kuazima. Hakuna aliyetwambia, na Chama cha pale wakati ule kilikuwa kimelala.

Kuhusu akiba, mwajiri anapaswa kupeleka NSSF asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi: 5 anakukata wewe, 10 anatoa yeye. Kabla ya mwaka 2022 mwajiri mwenye watu wasiozidi wanne aliweza kukwepa. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka huo, hata mwenye mfanyakazi mmoja anapaswa kupeleka. Wakandarasi wa kukata miwa wanaogawa watu wao vikundi vidogo vidogo wasikudanganyeni tena. Na wewe usingoje miaka 55 ndipo uulize. Uliza kila mwaka. Siku hizi hata kwa simu utaliona salio lako. Mwezi uliokosekana ukidaiwa mapema, mwajiri yupo na karatasi zipo. Ukidaiwa baada ya miaka kumi, wakubwa wamehama na daftari limeliwa na mchwa.

Yako pia malipo ya wazee ya Serikali, shilingi 25,000 kwa mwezi. Yalipoenezwa nchi nzima umri uliwekwa miaka 80. Aliyebeba miwa anajua mwenyewe kama atafika huko.

Nimalizie na lile mnaloniuliza kila ninapofika kambini. Marekebisho yale ya mwaka 2022 yanamruhusu mwanachama aliyetimiza miaka 45, na kuchangia miaka 10, achukue asilimia 20 ya akiba yake, nyingine ibaki. Mwenye milioni 10 atapata milioni 2. Je, tuchukue? Wengine wamekwisha kuchukua, na nimeona pikipiki nyingi mpya. Pikipiki si dhambi. Lakini pikipiki ya mtu aliye zamu ya usiku, inayoendeshwa na shemeji mchana, haifiki mwaka wa tatu. Pia nimeona harusi kubwa, na simu zenye kioo kipana. Maoni yangu ni kwamba fedha hiyo ichukuliwe tu kama inakwenda kukaa mahali ambapo mtu atakaa nayo akiwa mzee: ukuta, bati, kisima, miti, ng'ombe. Mwenye nyumba tayari aiache iendelee kuzaa. Mwenye karo ya mtoto asikilize moyo wake, siwezi kumhukumu. Baba yangu aliuza likizo zake ili mimi nijue kuandika barua hii.

Mimi nina miaka 47. Nilijaza fomu mwezi ule niliporudi kutoka kwa mzee. Mke wangu alikuwa wa kwanza kukubali, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayehesabu mabati. Shamba tulilopewa na ukoo ni dogo, liko mteremkoni, na sehemu moja ina mawe. Tumesimamisha nyumba ya vyumba viwili, bado haina madirisha. Likizo hii nimepanda mikalitusi 60 kwenye mpaka na miembe mitatu uani. Kumi na moja ya ile 60 imekwisha kuliwa na mbuzi wa ami yangu, nasi tunazungumza juu ya jambo hilo. Mwembe mmoja mke wangu anasema nimeupanda karibu mno na jiko, na kwamba ukikua utaangusha majani ndani ya sufuria. Ameniambia nikirudi Desemba niuhamishe. Nimepima: kutoka hapo mpaka njia wanayopita watu ni hatua kumi na nne, na sauti ya salamu inafika.